Jezi Kumi na Sita

Balo lilikatwa kamba asubuhi pale Tangamano,
nikatoa elfu arobaini kwa jezi kumi na sita,
mistari myekundu imefifia kama juisi ya rozela
iliyoongezwa maji mara mbili,
na moja, namba nne, kwapa limeshonwa kwa mkono.

Hapo ndipo nilipoganda.
Mshono wa kurudi nyuma, uzi mweusi
kwa sababu mwekundu uliisha;
nami hufanya hivyo hivyo, mwezi ukifika ishirini na kitu.
Kifuani nembo: taa na sururu, na mwaka 1911.

Daktari wa watoto pale Bombo ni wa nchi hiyo.
Alikuja kupunguza sketi, akaziona zimeanikwa,
akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.
Nchi yenyewe, alisema, Korogwe tu inaizidi.
Mji wao udongo mwekundu, watu walichimba chuma,
na Jumapili, baada ya misa, wachimbaji walicheza
kwenye kiwanja chenye mteremko,
kipa wa chini akipokea mvua yote ya wilaya.

Vita vikaja.
Wenye bunduki wakaibatiza klabu upya
kwa lugha ya wenye bunduki.
Beki wa kushoto alikataa kulitamka jina hilo.
Alipelekwa mashariki, hakurudi,
na msimu mzima waliingia uwanjani watu kumi.
Babu yake daktari, mweka hazina,
aliuficha muhuri wa zamani ndani ya pipa la kabichi chachu.

Kisha chuma kikaisha. Mgodi ukafungwa kama duka.
Klabu mbili za mji mmoja, zilizokuwa hazisalimiani,
zikaungana, zikachagua buluu,
rangi isiyo na marehemu.
Jezi nyekundu zikapewa kanisa,
kanisa likazitia gunia, gunia likaja bandarini kwetu.
"Mimi hata sikuupenda mpira," alisema,
akaipapasa namba nne.
Hakusema ni nani aliyeishona.

Haya, na sisi. Nyota ya Msambweni iliundwa na wakata mkonge
walioingia mjini korona zilipokaa kimya.
Tumegawanyika mara mbili, mara moja kwa ajili ya basi.
Katibu wetu, marehemu Mbelwa,
kumbukumbu za vikao aliziandika kwa mizani,
akidai nathari husahau:

   Basi bado halijaja, tumekwisha kugombana,
   Viti vyote twavitaja, mlangoni twasongana,
   Ishirini na mmoja, kila mmoja ni bwana,
   Ajenda ya pili: chai; haipo, tukaachana.

Mwaka huu mfadhili anataka tuungane na wale wa Mikanjuni,
tuvae njano ya kampuni yake ya rangi za nyumba.
Kikaoni sina kura, mimi ni fundi cherehani.
Nilizitandaza jezi mezani, nembo juu,
nikataja bei, nikatoka nje.
Wanasema kura zililingana,
na mwenyekiti akaingiwa na kikohozi.

Jumamosi tulicheza Mkwakwani,
taa na sururu vifuani, maana sikuzifumua.
Namba nne nilimpa Shekiondo, beki wa kushoto,
kijana wa gereji, miguu kama jeki.
Tulifungwa mbili, la pili kwa uzembe wetu wenyewe.
Daktari alisimama upande wa jua, mkoba kichwani,
na dakika ya themanini akapiga kelele
neno moja la kwao, fupi kama kupaliwa.
Shekiondo aligeuka.
Aligeuka, wallahi, akakimbia kulinda lango.

Nikamuuliza maana yake.
"Rudi," alisema. "Ni neno la mabeki tu."

Nilipofua usiku, beseni liligeuka wekundu hafifu.
Nikaligeuza kwapa, nikalivuta kwa vidole viwili.
Uzi mweusi ulikuwa umeshika.